Kombe la Mwanamisi

Bizari ya manjano haiingii jikoni kwangu. Wanangu walikua wakilijua hilo, na wake zao walipoletwa nyumbani waliambiwa mapema, wasije wakanipikia mchuzi wa manjano wakidhani wananifurahisha. Juzi nilikuwa sokoni Kona ya Musa nimeinama nachagua ndimu, mchuuzi wa pembeni akafungua gunia lake la bizari iliyosagwa na upepo ukanipiga nayo usoni. Nikaziacha ndimu pale pale nikaondoka. Mwenye ndimu akaniita, "Mama, vipi, umeghairi?" Nikamjibu kwamba nimesahau kitu nyumbani. Uongo mtupu. Mwanamke mzima mwenye wajukuu, nilikuwa nikikimbia harufu ya mchuzi.

Nawaandikia wale tuliokua zama moja, ambao bibi zetu wamekwisha kutangulia na sasa sisi ndio tunaoitwa bibi. Wenzangu mkiwakumbuka bibi zenu huja hadithi, huja kaimati za moto. Mimi nikimkumbuka wangu, Mungu amrehemu, kinachonijia kwanza ni wivu. Nilimgombania Bibi kama mke anavyomgombania mume, na nilikuwa na umri wa miaka minane tu.

Alikuwa mama wa mama yangu. Nyumba zetu mbili zilikuwa ndani ya ua mmoja, huku upande wa Msambweni, na mdogo wangu alipozaliwa nami nikaachishwa ziwa, Bibi alinichukua akanilaza kitandani mwake, upande wa ukutani. Kila alfajiri niliamshwa na maji ya kutawadhia yakimwagika kutoka kwenye kata, kisha nikasikia sauti yake ya chini akisoma, kisha nikanusa mafuta ya nazi aliporudi kunifunika vizuri. Alikuwa mcha Mungu asiye na makelele. Hakufungua hata kifundo cha leso yake bila bismillahi. Asubuhi aliwasomesha Kurani watoto wa kike wa mtaa wetu chini ya banda la makuti pale uani, na hakuwa na bakora, jambo lililowashangaza sana walimu wa kiume. Alizaa watoto sita akazika wanne. Waliobaki walikuwa mama yangu na Mjomba Bakari, ambaye alikwenda kufanya kazi ya barabara huko Taru akaoa huko huko. Mjomba alikuja mara moja kwa mwaka, na wiki nzima kabla hajafika Bibi hakukaa kitako. Mara anafua shuka, mara anachagua kuku.

Ilikuwa miaka ile ya uhuru. Skuli tulifundishwa wimbo mpya na jinsi ya kusimama wima bendera ikipanda, na watu wazima walizungumza habari za ardhi mpaka chai ikapoa. Mimi siasa yangu ilikuwa moja tu, nayo ni ule upande wa ukutani wa kitanda cha Bibi. Hapo sikutaka mkoloni wala mrithi wake.

Mwanamisi aliletwa kwa lori la mkaa, mchana, ameshikwa mkono na mwanamume tusiyemjua. Mwanamume yule ndiye aliyeleta habari kwamba Mjomba Bakari amefariki kwa homa na amekwisha kuzikwa huko huko Taru. Mama wa mtoto alikuwa amekufa siku nyingi, siku ya kumzaa. Nakumbuka Bibi alisema "Innalillahi" mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, akamkaribisha mgeni maji. Kisha akapiga magoti mchangani mbele ya yule mtoto, akamshika mashavu kwa mikono miwili na kumtazama kwa muda mrefu.

"Macho ya mwanangu haya," alisema. "Haya ni macho ya Bakari wangu."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Macho yangu, kila mtu alisema, nimeyachukua kwa baba. Sikuwahi kuyachukia mpaka siku hiyo.

Jioni ile niliambiwa kwamba mimi sasa ni mkubwa, nikalale kwa mama pamoja na mdogo wangu. Mkeka wangu ulitandikwa karibu na mlango. Mama aliponiona nimenuna, kidevu kimegusa kifua, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Pole, mwanangu. Umeletewa mke mwenza." Neno hilo likatoka likazunguka mtaa mzima. Wanawake waliokuja kuteka maji kisimani kwetu wakaniuliza kila asubuhi, "Haya, mke mkubwa, mwenzio ameamkaje?" Walidhani ni mchezo. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mtoto huyu alinuka moshi na mbuzi, alisema kwa lafudhi ya bara kavu, aliiogopa bahari mpaka akashika leso ya Bibi tulipokwenda kuokota chaza, na bado yeye ndiye aliyekuwa akifunikwa alfajiri.

Tena hakuwa mtoto mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Angekuwa mwizi au mchokozi ningemshitaki. Mwanamisi aliamka akafagia ua kabla hajaambiwa. Kwa Bibi alishika herufi kwa mwezi mmoja, wakati mimi nilikuwa nazikoroga kwa mwaka wa pili, na siku aliyoanza kuunganisha maneno Bibi alimbusu kichwani mbele ya watoto wote. Hata ukoko. Ule ukoko wa wali wa nazi, ambao tangu nilipoota meno ulikuwa wangu peke yangu, Bibi akawa anaukata vipande viwili. Niliwahi kuvipima kwa vidole. Chake kilizidi.

Nikajaribu kuugua. Nilikuwa nimeona kwamba Bibi akishika paji la uso la mgonjwa, mkono wake hukaa pale muda mrefu huku midomo ikisoma. Basi nikalala juani mpaka kichwa kikapata moto, nikaingia ndani nikijikokota. Bibi alinigusa, akanitazama mchanga uliojaa mgongoni, akaenda kuchemsha majani ya mwarobaini. Nilikunywa bakuli zima la uchungu ule huku amenisimamia, na mkono wake alikuwa ameuweka kiunoni kwake mwenyewe.

Mvua zilipoanza, Mwanamisi akaugua kweli. Homa ya kutetemeka ilimshika, kama inavyowashika wageni wa pwani, ikamwachia siku mbili ikamrudia. Bibi hakuwa mtu wa kuchagua dawa. Alisema vidonge ni vya Mungu na aya ni za Mungu, kwa hiyo alimpeleka zahanati akapewa vidonge, na vilipokuwa vikiendelea yeye akaanza kumwandikia kombe la siku saba.

Wenzangu wa pwani hawahitaji kuelezwa kombe, lakini la Bibi lilikuwa na utaratibu wake. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyemfundisha. Baada ya sala ya alfajiri alibaki na udhu wake, akaitoa sahani nyeupe isiyotumiwa kwa chakula, na kikombe kidogo ambamo zafarani ilikuwa imelala ndani ya marashi ya mawaridi usiku kucha. Alichovya kalamu ya mwanzi akaandika aya za kuponya, duara ndani ya duara, kuanzia ukingoni kuja katikati, mpaka sahani ikajaa. Yakikauka, aliyaosha maandishi yale kwa maji safi, na maji yale ya rangi ya dhahabu akayamimina katika bilauri. Mgonjwa huyanywa kabla hajatia kitu tumboni. Mimi maisha yangu yote sikuwahi kuandikiwa hata robo ya sahani, maana nilikuwa mzima, mzima mpaka inaudhi.

Niliichungulia kazi ile kupitia mlangoni, siku ya kwanza. Mkono wa Bibi ulikuwa umeanza kutetemeka kwa uzee, hivyo aliushika kwa mkono mwingine ili herufi zinyooke. Jasho lilimtoka. Nikajiambia, mapenzi yote ya Bibi yako ndani ya sahani ile. Sikuwaza ugonjwa hata kidogo. Kwa akili yangu ya kitoto, Bibi alikuwa akiyaandika mapenzi yake, akiyaosha, na kumnywesha Mwanamisi, na baada ya siku saba hayatabaki hata ya kulamba.

Bibi alikuwa akifunika bilauri kwa kawa, kisha anatoka kuwasomesha watoto, kwa kuwa Mwanamisi alikuwa akilala mpaka jua lichomoze. Na kazi ya kumpa akanipa nani? Mimi.

"Mwenzio akiamka, mwinue kichwa umpe anywe," aliniambia. "Sema bismillahi kwa ajili yake kama yeye hana nguvu. Nakuamini, mwanangu."

Siku ya kwanza nilionja tu. Haikuwa tamu wala chungu. Ilikuwa na harufu ya waridi na ladha ya mbali, kama maji yaliyokaa na ua. Nikasubiri kuona kama kuna kitu kitaingia moyoni. Nikanywa tena kidogo ili nihakikishe. Nilipoangalia, bilauri imefika nusu. Nikaijaza kwa maji ya mtungi, na rangi ikapauka.

Siku ya pili nilikunywa yote. Nikaenda jikoni kwa mama, nikachota bizari kwa ncha za vidole, nikaikoroga ndani ya maji mpaka rangi ikafanana. Mwanamisi alipoamka nikamwinua kichwa kama nilivyoagizwa. Akanywa. Akatulia na maji mdomoni, akanitazama, kisha akameza. Akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, akageukia ukutani, ule ukuta wangu.

Nilifanya hivyo mpaka siku ya saba. Siku nyingine nilisema bismillahi kabla ya kunywa, maana sikutaka kufanya dhambi mbili.

Sijui nilitarajia nini. Nilijitazama kwenye maji ya kisima kama macho yangu yamebadilika yakawa ya Mjomba Bakari. Bibi hakuniita kulala kwake. Kinyume chake, Mwanamisi alizidi kuwa mnyonge, akaanza kukataa chakula, hata uji wa tende aliokuwa akiupenda, na Bibi akawa haondoki kando yake ila kwa sala. Dua zake zikarefuka. Nilipopita mlangoni nilisikia jina lile tu, Mwanamisi, Mwanamisi, nami nikatamani kuziba masikio.

Asubuhi ya siku ya nane Bibi alimgusa, akasimama, akasema tu, "Hospitali." Mwanamisi akabebwa kwa baiskeli ya jirani mpaka Msambweni, Bibi akitembea pembeni amemshika mgongo. Aliporudi peke yake alasiri, alikaa kizingitini akaanza kuosha vyombo vya mgonjwa. Aliishika ile bilauri muda mrefu. Aliiinua kwenye mwanga, akaingiza kidole mpaka chini, akakinusa, akatulia. Nikaona chozi. Nami, nisikilizeni vizuri, nikaionea wivu bilauri. Nilidhani anamlilia Mwanamisi kwa kuwa midomo yake iligusa pale.

"Njoo hapa," Bibi akaniambia. Nilipofika akanishika mkono, akautazama, akauachia. "Kesho utakwenda nami hospitali. Na kesho kutwa. Kila siku utakwenda nami."

"Kufanya nini, Bibi?"

"Kukaa na mwenzio."

Siku ya kwanza tulikwenda kwa miguu, jua likinichoma utosini. Bibi aliniweka kwenye kigoda kando ya kitanda cha wodi, akanipa kipepeo cha ukindu nimfukuzie nzi, kisha akasema, "Nakwenda kuswali," akatoka na mswala wake begani. Alikawia sana. Mwanamisi alikuwa amefumba macho, mfupa na ngozi, na mimi nilimpepea huku nikiwa nimekasirika: haikutosha kuporwa kitanda, sasa nimefanywa yaya. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Bibi akanitazama kabla ya kutoka, kama anayetaka kusema jambo, akaondoka bila kulisema.

Siku ya tatu dakitari alikuja tukiwa bado tumesimama wote. Alikuwa mwanamume mpole wa makamo. Akashika mkono wa Mwanamisi, akaandika karatasi yake, akamwambia Bibi, "Mama, homa imeshuka. Sindano zimefanya kazi yake. Lakini mtoto hali. Tangu alipofika, kila akiletewa chakula anafunga mdomo. Akiendelea hivi atatuponyoka, na mimi sina sindano ya kumtia mtu hamu ya kuishi."

"Nimesikia, mwanangu," Bibi alisema. "Mungu akulipe." Akaniwekea mkono begani, mzito, akaniacha tena, akaenda kuswali.

Hapo ndipo hofu iliponishika. Neno lile, atatuponyoka, niliwahi kulisikia likisemwa kwa mtoto wa jirani, na mtoto wa jirani alizikwa. Nikaona wazi kabisa: kombe ndilo lililokuwa limponye, nami nimelinywa siku saba, limo tumboni mwangu, siwezi kulitoa. Nitakuwa nimemuua. Na Bibi, ambaye amezika watano, atamzika wa sita kwa mkono wangu, na hatanitazama tena mpaka kiama. Nasema ukweli: hata hapo nilimfikiria Bibi kabla ya kumfikiria Mwanamisi.

"Mwanamisi," nilimwita. Akafumbua macho. "Lile kombe. Sikukupa."

Akanikazia macho.

"Nililinywa mimi. Wewe nilikupa maji ya bizari."

"Najua ni bizari," alisema.

"Unajua?"

"Tangu siku ile ya pili. Kwetu Taru mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia baba. Nisijue ladha ya bizari?"

"Basi mbona ulikunywa? Mbona hukumwambia Bibi?"

Akageuza uso kwenye mto. Kisha akasema polepole, akipumzika kati ya maneno, "Nilidhani ni yeye Bibi aliyefanya hivyo. Nilidhani amenichoka. Ameona siponi, akasema zafarani ya nini, bora amwekee mjukuu wake hasa. Mimi nipewe rangi tu, nisijisikie vibaya."

"Mjukuu wake hasa ni nani?"

"Si wewe?" Akanitazama kwa macho yale. "Wewe una mama. Una baba anayekuja sikukuu. Watu wanakutania kisimani, mimi hakuna anayenitania. Una kila mtu. Mimi nilikuwa na ile bilauri tu ya asubuhi. Basi nilipoionja ni bizari, nikasema kama Bibi naye hanitaki, chakula nile cha nini?"

Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Miezi yote ile nilikuwa nimemwonea wivu mtu aliyekuwa akinionea wivu mimi, tena yeye akiwa na haki na mimi sina. Nilianza kulia kwa sauti, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakainua vichwa.

"Si Bibi!" nikamwambia. "Wallahi si Bibi. Alikuwa akikuandikia kila siku, mkono ukimtetemeka, akiushika na mwingine. Nimemwona. Sahani nzima. Ni mimi, ni mimi mshenzi."

"Apa."

"Wallahi."

"Apa tena, vizuri."

"Wallahi, wabillahi, watallahi."

Alinitazama kama anayenisoma herufi kwa herufi. Kisha akafunga macho, na chozi likamtoka likaingia sikioni, hakulifuta. Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana. Badala yake akasema, "Ule uji uko wapi?"

Ulikuwa kwenye kikombe cha bati mezani, umepoa, umeshika utando juu. Nikautoa utando kwa kidole. Nikamwinua kichwa, nikamnywesha. Alikunywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Mwingine ukammwagikia shingoni. Akasema, "Polepole, unanizamisha," na nikagundua kwamba ni mara ya kwanza ananisemesha kama ndugu.

Bibi akatokea mlangoni. Aliona kikombe, akaona mdomo wa Mwanamisi wenye uji. Alikwenda chini pale pale, juu ya sakafu ya saruji, akaweka paji la uso chini akasujudu, mswala wake ukiwa bado umekunjwa begani. Nesi mmoja, msichana wa bara, akadhani mzee ameanguka, akaja mbio akimshika makwapa na kupiga kelele aletewe maji. "Mwache, mwache, anamshukuru Mungu wake," mama mmoja wa kitanda cha pili alimwambia. Nesi wa watu akabaki amemwinamia, hajui amwinue au amwache.

Nami nilisimama na kikombe changu. Furaha ile yote usoni mwa Bibi, machozi yale, hakuna hata moja lililokuwa langu. Mimi niliyeharibu na mimi niliyetengeneza, na bado ile sijida ilikuwa ya Mwanamisi. Wivu ukanirudia, mbichi kabisa, machozi ya toba yangu yakiwa hayajakauka.

Bibi aliinuka. Alimbusu Mwanamisi paji la uso, akampa tende, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanivuta mimi nikasimama katikati ya magoti yake. Akanishika vidole vya mkono wa kulia, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akavitazama kucha.

"Imetoka?" akauliza.

"Nini, Bibi?"

"Bizari."

Nikajaribu kuvichomoa vidole. Mwanamisi naye akaacha kutafuna tende aliyopewa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Niliiosha ile bilauri kwa mkono wangu. Nikakutazama vidole, vya manjano kama vya mpishi wa harusi."

"Mbona hukunipiga?"

"Ningekupiga ungelia, ukanikimbilia mimi kuniomba radhi. Uliyemkosea si mimi." Akamwashiria Mwanamisi kwa kidevu. "Nikasema nitakuleta hapa, nitakaa mbali, mpaka utakaposema mwenyewe. Nilikuwa pale nyuma ya ukuta siku zote hizi, mwanangu. Miguu imekufa ganzi."

Lakini moyo wangu ulikuwa bado moyo wangu, na swali likanitoka kabla sijalizuia. "Ulikuwa ukimwombea nini Mwanamisi, muda mrefu hivyo?"

Bibi alitabasamu, tabasamu la kuchoka. Akanifuta makamasi kwa upindo wa leso yake.

"Mwenzio ana dakitari, ana sindano, ana dua za mtaa mzima. Yeye nilimkabidhi Mungu tangu siku niliyomleta hapa. Siku tatu hizi nimekuombea wewe. Homa yake niliijua dawa yake. Hii yako ndiyo iliyoniogopesha."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako."

Nilipaswa kuona haya, na haya niliiona, baadaye, kwa miaka mingi, na ndiyo inayonifukuza sokoni mpaka leo. Lakini pale pale, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililofanya ni kugeuza kichwa kumtazama Mwanamisi, nihakikishe amesikia.